Fundi, Nitolee Loki

Mteja akisimama mbele ya meza yangu na kusema "fundi, nitolee loki", siipokei simu mara moja. Namuuliza kwanza ni ya nani, kisha ndani kuna kitu gani asichotaka kipotee. Wapo wanaoudhika. Wamekuja na haraka zao, bodaboda inawasubiri pembeni, halafu fundi anaanza mahojiano. Lakini miaka niliyokaa na kazi hii hapa Majengo, Dodoma, jirani na soko, imenifikisha mahali pamoja: kufungua simu si kugumu kama watu wanavyodhani. Kugumu ni kujua, kabla hujachomeka kebo, ni nini kitaondoka pamoja na hiyo loki.

Na loki zenyewe ni za namna nyingi. Kuna ya kioo, yaani patani, namba ya siri au kidole. Kuna ya akaunti ya Google, ile inayoibuka baada ya simu kufutwa na kudai barua pepe iliyokuwemo mwanzo. Imekuwepo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, na sisi mafundi tunaiita FRP. Kuna ya mkopo, iliyowekwa na aliyekukopesha simu. Halafu kuna ya chini kabisa, ambayo wateja wengi hawajui hata kama ipo mpaka mpwa wao anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, awaambie. Hiyo ni butiloda, nitaieleza mbele.

Nianze na ya kioo, maana ndiyo inayoliza watu.

Dalali mmoja wa mahindi kutoka Kibaigwa alishukia stendi ya Nanenane asubuhi, akaja moja kwa moja mpaka kwangu. Alikuwa amebadilisha patani usiku, baada ya kugundua kijana wake wa dukani anaijua ile ya zamani. Kulipokucha, ile mpya ikawa imemtoka. Ndani ya simu kulikuwa na picha za karatasi za mizani, na majina ya wakulima anaowadai na wanaomdai, msimu mzima.

"Toa tu, mwanangu. Hela si tatizo."

Nilielewa kwa nini aliona ni jambo jepesi. Kwenye Android za miaka ya 2012 na 2013 patani ilikaa ndani ya kifaili kidogo kiitwacho gesture.key. Fundi akipata njia ya kuingia kupitia rikavari, ile menyu ya matengenezo ya simu, akakifuta, simu ilikubali mchoro wowote na picha zote zilikuwepo. Sifa nyingi za mafundi wa zamani zilijengwa juu ya kifaili hicho. Leo data yenyewe imesimbwa, yaani imegeuzwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo. Simu zilizotoka na Android 10 kuendelea zinalazimika kusimba mafaili yote ya mtumiaji, na ufunguo wa kuyasoma unapatikana kwa kuchanganya patani yako na siri iliyofungiwa ndani ya chipu ya simu ile ile. Ukiitoa loki kwa kuflashi, yaani kuiandikia simu mfumo upya kwa kompyuta, umeutoa na ufunguo. Simu itawaka vizuri sana, na haitakuwa na kitu.

Nikamweleza hivyo, bila kuzunguka. Mzee akakaa kwenye benchi, akavua kofia. Simu yake ilishaanza kumsubirisha sekunde thelathini kila akikosea, na ukiendelea kubahatisha muda unazidi kurefuka, kwa hiyo nikamkataza kuigusa. Nikachukua simu yangu, nikafungua sehemu ya kuweka patani mpya, nikampa achezee humo humo huku tukiongea bei ya gunia. Nilitaka akili iende kwenye mahindi, kidole kibaki peke yake. Michoro ya mwanzo ilikuwa ya kufikiria, unaona kabisa kidole kinasita katikati. Baadaye, akiwa anamlaani mnunuzi fulani aliyemkatia kilo, kidole kikaanzia nukta ya chini kushoto, kikapanda, kikakata kona, kikashuka, bila kusita. "Rudia hiyo hiyo," nikamwambia. Akarudia. Tukaipeleka kwenye simu yake, ikafunguka.

Kebo haikutoka hata kwenye droo. Nilimtoza hela ya muda, na sikumruhusu kuondoka kabla hatujazipeleka zile picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa bando lake.

Loki ya Google ndiyo inayoleta watu wa kila namna. Yupo mama aliyefunguliwa akaunti dukani siku aliyonunua simu, hajui hata kama ana barua pepe. Yupo pia kijana anayekuja jioni kibanda kikiwa kinafungwa, ameshika simu ya bei kubwa kuliko viatu, nguo na baiskeli yake kwa pamoja, na hajui ilikuwa na kava la rangi gani. Naomba boksi au risiti. Nalinganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya kwenye boksi na inayotokea ukibonyeza *#06#, tarakimu kumi na tano, zote. Halafu natuma namba hiyo kwenda 15090 na kusoma jibu linataja modeli gani. Watanzania wengi tuliijua namba hiyo Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, kisha tukaisahau. Jibu likitaja modeli nyingine na ile iliyo mkononi, tunaagana kwa amani.

Kwa yule mama mwenye simu yake halali, mara nyingi hakuna haja ya ujanja. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Hata kama imepotea anairudisha kwa namba ile ile akiwa na kitambulisho cha NIDA. Laini ikiwa hewani, Google wanatuma ujumbe wa namba sita, akaunti inarudi, nywila mpya inawekwa, na anaandikiwa kwenye karatasi. Inaweza kuchukua siku. Fundi wa jirani angeitoa kwa dakika kumi. Tofauti ni kwamba baada ya njia yangu mama anajua akaunti yake, na simu ikifutwa tena hatarudi kulia.

Ya mkopo siigusi. Kwanza simu bado si yake yote. Pili, hata ukiflashi, ikishaonja intaneti inaiuliza seva, seva inasema inadaiwa, inajifunga upya. Nimeshaona mtu akilipa fundi mara mbili kwa kazi hiyo, pesa ambayo ingemaliza marejesho yaliyobaki.

Sasa butiloda. Hii ndiyo kazi ninayoipenda, nisifiche.

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, kabla hata nembo haijatokea, kuna programu ndogo inayoamka. Kazi yake ni ya mlinzi wa getini: inakagua sahihi ya kampuni kwenye mfumo mzima kabla ya kuuruhusu uwake. Sahihi ikiwa si yenyewe, hakuna kupita. Kufungua butiloda ni kumwambia mlinzi akae pembeni, mwenye nyumba atajua mwenyewe nani aingie. Ndiyo maana kitendo hicho kinafuta data yote ya simu, na kimetengenezwa kifanye hivyo makusudi. Kisingefuta, mwizi angefungua geti, angeingiza mfumo wake na kuchungulia mali zako. Mteja akiniuliza kama kuna namna ya kufungua butiloda bila kufuta, namjibu kwamba njia halali haiwezi, na anayemwahidi hivyo amuulize vizuri anamaanisha nini.

Ruhusa yenyewe inatoka kwa kampuni, na kampuni hazifanani. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, tangu hapo mlango huo umefungwa. Samsung nyingi zilizouzwa huku zilikuwa zinafunguka mpaka ulipokuja mfumo wao wa One UI 8 mwaka 2025, ila ndani kuna fyuzi ya kielektroniki ya Knox, ulinzi wao wa ndani, inayoungua ukiingiza mfumo usio wao, na ikishaungua haitengenezeki: folda ya siri haitafanya kazi tena, hata ukirudisha mfumo wa kampuni. Xiaomi wanakutaka ufungue akaunti yao, uiunganishe na simu kwa kutumia bando la laini iliyomo humo, kisha usubiri, mara nyingi saa 168. Kwenye simu za HyperOS, mfumo wao mpya, kuanzia mwisho wa 2023, masharti yamekazwa zaidi. Wateja wanadhani saa 168 ni ujanja wa fundi wa kukaa na simu yao wiki nzima. Nimeacha kubishana, naiunganisha akaunti mbele yao, nawaonyesha saa kwenye kompyuta, wanaondoka na simu yao, warudi siku ikifika.

Mwanafunzi mmoja wa UDOM aliniletea Redmi Note 8 ya dada yake. Simu ya 2019, kampuni iliiachia kwenye Android 11, na kila programu mpya ilikuwa inaibebesha mzigo. Betri walishabadilisha, kioo bado ni kizima. Hapo ndipo butiloda inapokuwa na maana: chuma bado kina nguvu, kampuni imeshageuka kuangalia simu mpya. Tulikubaliana tuiwekee LineageOS, mfumo wa Android usio wa kampuni ya simu, mradi uliozaliwa Desemba 2016 baada ya ule uliotangulia, CyanogenMod, kufungwa, na ambao watu wa kujitolea wanauendeleza kwa simu ambazo watengenezaji wameziacha.

Kijana alikuwa ameshapakua faili usiku kwa intaneti ya chuo, zaidi ya jiba (GB) moja, anajivunia. Nikalisoma jina la faili. Lilikuwa na neno begonia. Simu iliyokuwa mezani ni ginkgo. Haya ndiyo majina ya ndani ambayo watengenezaji wa mifumo huyatumia, na hapa hayana mzaha: Redmi Note 8 ni ginkgo, ina chipu ya Qualcomm, Redmi Note 8 Pro ni begonia, ina chipu ya MediaTek. Kwa dukani ni ndugu, kava tu ndizo zinatofautiana. Kwa ndani hawajuani kabisa. Rikavari yenyewe hukagua jina na kulikataa faili lisilo lake, ila kuna watu wanaofundishana kuufuta mstari wa ukaguzi ili faili "likubali". Likikubali, simu inakufa. Mimi huiweka simu kwenye fastboot, hali ya kupokea amri za kompyuta, na kuiuliza yenyewe jina lake kabla ya lolote. Siamini stika, siamini boksi, siamini mwenye simu.

Tulipakua upya. Saa 168 zilikuwa zimeisha. Kabla ya kuchomeka nikachukua mswaki laini na spiriti nikasafisha tundu la chaji, maana Dodoma hii, kuanzia Julai upepo ukishika kasi, vumbi jekundu linajishindilia humo mpaka kebo inakaa nusunusu. Mtu wa Dar hataelewa kwa nini nalisema hili. Simu nyingi nilizoletewa zimekufa katikati ya kuflashi, chanzo hakikuwa faili wala programu, kebo ilicheza. Kebo ya kuchajia ya bei ya chini haina hata nyaya za kupitisha data, na ile iliyonazo ikilegea sekunde moja wakati sehemu nyeti inaandikwa, kazi imeharibika. Nina kebo moja fupi, nene, haiazimwi. Kazi zote za namna hii nafanyia laptop yenye betri nzima, kwa sababu umeme hauagi unapoondoka. Na chaji ya simu yenyewe iwe imevuka nusu.

Amri ya kufungua ilipopita, simu ikajifuta, ikawaka na alama ya kufuli lililo wazi. Kijana akaipiga picha. Tukaingiza rikavari, tukafuta data, tukaingiza mfumo, tukawasha. Hapo inakuja sehemu inayowatesa wageni: mwako wa kwanza ni mrefu. Duara la nembo linazunguka, dakika zinapita, mtu anaanza kushika kitufe cha kuzima. Nilimwambia aende akanywe chai ya maziwa pale kwa mama ntilie. Aliporudi simu ilikuwa inamuuliza lugha.

Simu ikawa nyepesi kweli. Kwenye furaha hiyo akaingiza programu ya benki ya dada yake, ikagoma. Hapa ndipo maswali yangu ya mwanzo yanapotokea. Nilikuwa nimewauliza wote wawili, dada akiwa kwenye spika: kuna programu gani ya pesa usiyoweza kuishi bila hiyo? Dada alisema anatumia menyu ya simu tu. Programu nyingi za benki zinaiuliza Google kama simu ni salama, kupitia huduma ya Play Integrity, na simu iliyofunguliwa butiloda inajibiwa kwamba haiaminiki. Kuna mbinu za kuficha, watu wanazitumia, leo zinafanya kazi na kesho hazifanyi. Siziuzi. Menyu kama *150*00# haina habari na butiloda kwa sababu inapita kwenye laini, si kwenye intaneti, kwa hiyo M-Pesa ya dada iliendelea kama kawaida. Lakini angekuwa mfanyakazi wa ofisi za serikali kule Mtumba anayelipia kila kitu kwa programu ya benki, ningemshauri aiache simu ilivyo, au anunue nyingine ya pesa na hii iwe ya kuchezea.

Kwa Tecno, Infinix na itel, ambazo ndizo zimejaa mtaani kwetu, habari ni nyingine. Mfumo uliotengenezwa maalumu kwa modeli yako ni nadra kuupata. Tangu Android 8 ya 2017 kuna mifumo ya jumla, inayoitwa GSI, ambayo inaweza kuwaka kwenye simu nyingi kwa sababu Google walitenganisha mfumo na sehemu za chuma. Kuwaka inawaka. Kisha unagundua kidole hakisomi, kamera moja haifunguki, au sauti ya simu inatoka kwenye spika ya muziki tu. Kwenye nyingi zenye MediaTek, kila ukiwasha inakuandikia kwa Kiingereza "Orange State" na kukusubirisha sekunde tano, maisha yote. Mimi kwa simu hizo nashauri kuflashi faili la kampuni, basi. Uzito mwingi unaolalamikiwa unatokana na hifadhi kujaa video za magrupu.

Na faili la kampuni nalo lina mtego wake. Niliwahi kuletewa simu iliyopita kwa fundi mwingine, mteja anasema "imepona ila haina mtandao". Nikafungua orodha ya waifai. Ya kwanza kabisa iliandikwa NVRAM WARNING: Err = 0x10. Ukiliona neno hilo kwenye orodha ya waifai usiulize jirani nani ameipa ruta yake jina la ajabu. Ni simu yenyewe inakuambia kumbukumbu yake ya redio imefutwa. Kwenye SP Flash Tool, programu ya kuflashi MediaTek, kuna chaguo la kupakua mfumo peke yake na kuna chaguo la kufuta kila kitu. Hilo la pili linaondoka na NVRAM, na humo ndimo zinamokaa IMEI na vipimo vya antena, vilivyowekwa kiwandani kwa simu moja moja. Dawa ya uhakika ni nakala ya NVRAM ya simu hiyo hiyo, iliyochukuliwa kabla. Yule fundi hakuchukua. Mteja aliniomba nimwandikie IMEI yoyote "ili ishike mtandao tu". Hapana. Kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na namba ya kubuni inaweza kuwa ya simu ya mtu mwingine iliyo hai Singida au Kondoa. Ile simu sasa inatumika kwa waifai, watoto wanaangalia katuni. Kwangu, simu ya MediaTek haiflashiwi kabla nakala yake haijaingia kwenye diski, hata mteja akisonya.

Jambo la mwisho huja miezi baadaye, mtu anapotaka kuuza. Mnunuzi anaiwasha, anaona kufuli lililo wazi, anashtuka, na muuzaji anarudi kwangu: "Fundi, ifunge kama zamani." Kufunga butiloda ni amri moja. Lakini ukiifunga juu ya mfumo usio wa kampuni, mlinzi anarudi getini, anakuta sahihi asiyoijua, na simu haiwaki tena. Kuna simu zinazofika huku zikiwa ni za soko la China, zimebandikwa mfumo wa kimataifa ili ziwe na Google. Mwenye nayo hajui, anafuata maelekezo ya video, anaifunga, inamwandikia kwamba mfumo huo hauwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho. Kwa hiyo narudisha kwanza faili kamili la kampuni la modeli ile ile na soko lile lile, toleo lisiwe la zamani kuliko lililokuwemo kwa sababu nyingi zinakataa kurudi nyuma, naiwasha mpaka mwisho, napiga simu, nawasha kamera, nahakikisha laini zote mbili zinashika. Ndipo nafunga. Nako kufunga kunafuta data upya, kwa hiyo muuzaji namuuliza tena lile swali la mwanzo, na mara nyingi ndipo anapokumbuka picha za harusi.